Familia ya Bi. Tatu: nafasi ya shule ya Idrisa, mtoto wa Zuwena mwenye usonji

Zuwena: Asalaam alaykum wote. Ndiyo natoka shuleni. Mwalimu mkuu amesema Idrisa hawezi kupokelewa, darasa limejaa na hawana mwalimu wa elimu maalumu. Kule kwenye kitengo cha elimu maalumu nako wameandika jina tu, nisubiri.

Zuwena: Leo niko shifti ya mchana. Mama Neema amekubali kukaa na Idrisa, lakini kesho anasafiri.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Mimi nitasema ukweli, acha hiyo kazi. Juzi niliposikia ametoka peke yake mpaka Barabara ya Kilwa sikulala.

Zuwena: Shikamoo shangazi. Hilo nimeliwaza sana. Nikiacha kazi na kadi ya bima inakwenda, na ndiyo inayolipa kliniki yake Muhimbili na dawa za kifafa. Hela ya safari za kazi za baba Idrisa inatosha kodi na chakula, basi.

Kaka Hamisi: Kazini hakuna likizo ya kuuguza mtoto?

Zuwena: Kisheria zipo siku 4 zenye malipo mtoto akiumwa, na hizo ni za miaka 3 yote. Zangu ziliisha alipolazwa. Halafu usonji si homa kaka, kwamba wiki ijayo atakuwa amepona.

Mjomba Rajabu: Na bweni? Nasikia mikoani zipo shule zinazopokea watoto kama hawa.

Zuwena: Shikamoo mjomba. Idrisa haongei. Akipigwa, akiumia, hawezi kunieleza. Bweni bado.

Mjomba Rajabu: Marahaba. Nimekuelewa mama.

Da' Rehema: Shikamooni wakubwa. Shangazi, kwa heshima yako, kuacha kazi hakutampa Idrisa darasa. Watashinda ndani wawili, na dawa hakuna.

Da' Rehema: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kupokelewa shule ya serikali au ya binafsi kama mtoto mwingine yeyote. Hali ya shuleni naijua, mimi mwenyewe nafundisha darasa lililofurika na elimu maalumu sikusomea. Waliotoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, hawatutoshi. Lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa maneno ya mlangoni. Zuwena, kwa mwalimu mkuu usirudi tena. Nenda manispaa, kwa afisa wa elimu maalumu, na cheti cha kuzaliwa, barua ya daktari na barua ya serikali ya mtaa. Wakikataa, waambie wakuandikie. Uliza na shule za Msimbazi Mseto na Uhuru Mchanganyiko, wana vitengo.

Zuwena: Hizo ziko Ilala dada. Kwenye daladala iliyojaa anaziba masikio na kulia mpaka tunashushwa.

Kaka Hamisi: Nafasi ikipatikana, asubuhi nitampeleka kwa bajaji. Hiyo niachie mimi.

Shangazi Mwanaidi: Basi na mimi nakuja kesho alfajiri. Nitalala hapo mpaka Ijumaa. Niambie tu anavyotaka.

Zuwena: Ahsante shangazi, Mungu akuweke. Wali ale mkavu, mchuzi uwe kwenye kibakuli chake pembeni, ukichanganya hali siku nzima. Usimshike ghafla kutoka nyuma. Akianza kujipiga masikioni zima redio, kaa karibu naye bila kusema kitu, atatulia. Mlango wa uani funga komeo la juu, la chini analifungua. Dawa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Shangazi Mwanaidi: Akidondoka kifafa je?

Zuwena: Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kitu mdomoni. Angalia saa. Ikipita dakika 5, mpigie kaka Hamisi mwende hospitali, ndipo unipigie mimi.

Baba Idrisa: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Mtandao nimeupata sasa, niko Makambako. Nimesoma yote. Alhamisi naingia Dar. Manispaa nitakwenda mimi, Zuwena usiombe tena ruhusa kazini.

Baba Idrisa: Na nitaongea na tajiri anitoe safari za Tunduma, anipe za Morogoro. Hela itapungua lakini nitakuwa nalala nyumbani.

Da' Rehema: Hapo umenena shemeji. Wakikupa jibu lolote lipige picha ulitume hapa.

Zuwena: Baba Idrisa, barua ya daktari iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Toa kopi kwanza. Halisi usiwaachie.