Tupeane uzoefu: Uliyewahi kukata rufaa ya matokeo chuoni, ilikuwaje?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tanzania. Matokeo ya muhula yalipobandikwa, somo moja lilionyesha jumla ya 31 na daraja E, ingawa koziwaki yake, yaani alama za kazi na majaribio ya muhula, ambayo mwenyewe aliisaini kabla ya mtihani, ilikuwa 31 kati ya 40. Anasema mtihani aliufanya na hakuona ugumu wa kutisha. Nyumbani tumegawanyika: baba anataka akate rufaa, mama anaona afanye sapu, yaani mtihani wa marudio, yaishe, maana rufaa ina ada na anahofia mhadhiri atamwekea kinyongo. Naomba waliopitia jambo hili wenyewe, si waliosimuliwa, watueleze.

Mhasibu Mtarajiwa

Mimi nilipitia na nikashinda. Nilipewa 38 katika somo la takwimu, wakati alama ya kufaulu ilikuwa 40. Nilikata rufaa ndani ya muda uliowekwa, nikalipia kwa namba ya malipo niliyopewa na ofisi ya uhasibu, kisha katika barua nikaomba jambo moja tu: alama zangu zijumlishwe upya, kwa sababu nilikuwa nimejibu maswali manne na nilikumbuka hata hatua za swali la mwisho. Baada ya wiki nyingi za ukimya niliitwa kwa mkuu wa idara, naye akanionyesha kijitabu changu cha majibu. Ndani, swali la nne lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu na kupewa alama 13, lakini kwenye jedwali la jalada kisanduku cha swali hilo kilikuwa na kistari. Mtu alifunua kurasa mbili kwa pamoja, basi. Nikatoka 38 nikawa na 51, na ada yangu nikarudishiwa, ingawa hilo la kurudishiwa hutegemea kanuni za chuo husika. Kuhusu kinyongo, mhadhiri mwenyewe ndiye aliyeniomba radhi.

Binti wa Pongwe

Mimi nilishindwa, na nikiisoma barua yangu leo naona nilistahili kushindwa. Tasnifu yangu ilipewa 54 nami nilitarajia zaidi ya 60, nikaandika kurasa tatu usiku uleule wa hasira, nikieleza jinsi msimamizi wangu alivyokuwa mgumu kupatikana, jinsi alivyowapendelea wengine na jinsi nilivyoteseka kukusanya data. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili: kazi ilisahihishwa na watahini wawili na rufaa haina msingi. Laiti ningelalamikia usimamizi mapema kwa maandishi, wakati kazi ingali inaendelea, pengine ningepewa msimamizi mwingine. Lakini kulalamika baada ya alama kutoka kulionekana ni kutapatapa. Sikuonyesha kanuni hata moja iliyokiukwa. Nilikuwa napinga maoni ya watahini kwa maoni yangu.

Mwenyeji wa Kisauni

Huku kwetu Kenya kilio kikubwa ni alama kupotea: mtihani umeufanya, lakini mahali pa alama pako wazi, na unaweza kukosa kuhitimu kwa ajili hiyo. Langu lilikuwa la kuondolewa chuoni bila kuelezwa sababu. Mjomba wangu, ambaye ni wakili, alinikumbusha Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, inayompa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza. Niliandika nikidai sababu hizo, na walipozitafuta wakagundua kwamba masomo mawili niliyofaulu hayakuwa yamehesabiwa. Hata hivyo, msikimbilie mahakamani: kwa kawaida korti hutaka kwanza umalize ngazi za rufaa za chuo, na haisahihishi mtihani, inachunguza tu kama utaratibu ulifuatwa.

Mzee wa Idara (mstaafu)

Nimeratibu mitihani kwa miaka mingi, na ninashangaa kwamba wote mmepita juu ya hesabu ya mwanzilishi. Kijana, tazama tena: koziwaki 31, jumla 31. Mtihani wa mwisho umesomeka sifuri, jambo ambalo halimpati mtu aliyejibu japo swali moja. Hilo si suala la rufaa hata kidogo, ni dosari ya kuingiza alama, na matokeo yakiwa bado ni ya muda, yaani Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo, haijayapitisha, mratibu wa mitihani wa idara hulishughulikia bila ada. Mdogo wako aombe kwa barua karatasi ya mahudhurio ya siku ile ikaguliwe, ataje namba yake ya usajili, tarehe na chumba cha mtihani, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Rufaa aiandae pembeni, kwa kuwa siku za rufaa huhesabiwa tangu matokeo yalipotangazwa, si tangu siku idara itakapomjibu. Ninawafahamu waliokuwa na haki kamili wakaja siku moja baada ya dirisha kufungwa.

Mwanzilishi wa mada

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Barua ilipelekwa Jumatatu. Leo mratibu amefungua jalada mbele ya mdogo wangu: saini yake ipo kwenye karatasi ya mahudhurio, na kijitabu kimepatikana katika bahasha ya kundi la chumba kingine, kikiwa hakijasahihishwa. Ameambiwa asubiri wiki mbili. Dirisha la rufaa linafungwa Ijumaa, hivyo baba ameshamtumia fedha ya ada, na mama, baada ya kuisikia habari ya bahasha, hataji tena sapu.