Uhuni wa maduka ya samani Arusha: unajaribu kiti kimoja, unaletewa kingine

Wakuu, nimepigwa mchana kweupe.

Niliingia duka moja la samani hapa mjini, upande wa Barabara ya Sokoine, kutafuta kiti cha ofisi cha kuzunguka. Nikakalia kile cha maonyesho, nikakipandisha, nikakishusha, nikaegemea. Safi kabisa: sponji imeshiba, miguu mitano ya chuma. Nikamuuliza kijana, kisiponifaa je? "Mkubwa, kaa nacho wiki nzima, hujakipenda unarudisha, hela yako unapewa." Nikatoa laki tatu na nusu taslimu.

Kirikuu ikaniletea boksi hadi Njiro. Nafungua: rangi ileile, kiti kingine! Miguu ya plastiki, sponji nyembamba kama chapati ya jana. Na kinashuka chenyewe. Saa tatu asubuhi uko sawa na meza, saa nne kidevu kiko kwenye kibodi. Na kabla hamjaanza utani wa uzito, tatizo ni ule mtungi wa gesi chini ya kiti: sili ikivuja, presha inaisha, hata akikalia mtoto kitashuka tu.

Nikakirudisha ndani ya muda wao, nauli juu yangu. Unajua walichonijibu? Eti nimevua nailoni! Sasa kiti nikijaribu vipi, nikitazame? Bosi akatoka ndani, wala salamu hakuna, akaninyooshea risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Risiti yenyewe ya kuandika kwa mkono, maana siku ya kununua mashine ya EFD "ilikuwa mbovu". Halafu kwa upole wa kinafiki akasema niongeze elfu arobaini anibadilishie mtungi. Yaani nilipie ubovu wake!

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukiuziwa kwa sampuli, mzigo lazima ulingane na sampuli. Kile cha dukani kilikuwa nini kama si sampuli? Pambo?

Aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani akiwa huku Arusha anielekeze pa kuanzia, na kama risiti ya mkono ilimsaidia. Picha za viti vyote viwili ninazo, cha dukani nilikipiga siku ileile nikimtumia mke wangu achague rangi.

Na wewe bosi, najua humu umo. Jina la duka bado sijaliweka. Una hadi Jumamosi.