Naomba ushauri: "parish" ya Uingereza niiiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu ndugu zangu. Naandaa somo la jiografia kwa kidato cha tatu kuhusu Laxton, kijiji cha Nottinghamshire, Uingereza, na nimekwama kwenye neno moja: "parish", yaani eneo dogo la kanisa au la utawala kama hilo la Laxton.

Laxton bado inalima kwa mtindo wa zamani: mashamba makubwa matatu yasiyo na ua, kila mkulima ana vipande vyake virefu vyembamba humo ndani. Mazao yanazungushwa kwa miaka mitatu. Kila mwaka, majira ya baridi yakianza, baraza la wakulima hukagua shamba la ngano na kupigilia vigingi kwenye mipaka. Ukilima hadi ukala njia, unapigwa faini! (Wanafunzi wangu watalielewa hilo haraka, kesi za mipaka wanazijua.) Ipo pia ramani ya mwaka 1635 inayoonyesha vipande hivyo kimoja kimoja.

Sasa tatizo. Nilipoandika "parokia", mwenzangu aliyeipitia akauliza paroko ni nani. Nikabadili kuwa "kata", akauliza diwani yuko wapi. Wenzetu wana parish ya kanisa na parish ya kiserikali. Mwaka 1894 sheria iliondoa shughuli za kiraia mikononi mwa kanisa. Ramani yangu ni ya kabla ya hapo.

Naomba mnisaidie:
Kwa habari za 1635 nitumie "parokia", halafu za leo "kata", au neno moja mwanzo hadi mwisho?
Na vile vipande vya shamba, "vishoroba" litaeleweka, au nibaki na "vipande"?

Natanguliza shukrani.