Upepo wa jua: vilele viwili kwenye grafu ni kasi mbili kweli?

Mwl_Rungwe

Habari za humu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Tukuyu. Tangu vijana wangu wa klabu ya sayansi waende kukiona Kimondo cha Mbozi, maswali ya anga hayaishi. Juzi nikawawekea ubaoni grafu ya ioni (atomu zilizopoteza elektroni) za upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazomiminika kutoka kwenye jua. Ni grafu ya aina inayopimwa na vyombo vya anga. Mhimili wa chini ni volti, wa kusimama ni mkondo wa umeme. Kuna kilele kirefu kwenye volti 835 hivi, halafu kilele kifupi karibu na volti 1,670.

Tukapiga hesabu kwa tungamo la protoni. Kilele cha kwanza kinatoa kilomita 400 kwa sekunde, cha pili 566. Binti mmoja wa kidato cha sita akasimama: "Mwalimu, mbona cha pili kiko mara mbili ya cha kwanza, na kwenye grafu za siku nyingine ni hivyo hivyo? Kama ni pepo mbili tofauti, nani amezifunga nira moja?"

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie kifaa chenyewe kinapima kitu gani hasa. Nataka nimjibu kwa hoja, si kwa kumwambia "vitabu vinasema".

Chapakazi_IR

Mkuu, jua lina upepo wa polepole na upepo wa kasi. Ule wa kasi hutoka kwenye mashimo ya korona (sehemu hafifu za angahewa ya nje ya jua) na hufika hata kilomita 700 au 800 kwa sekunde. Huenda kifaa kimekutana na zote mbili kwa pamoja.

Fundi_Kichogo

Chapakazi, pepo hizo zipo kweli, ila hazielezi alichokiona yule binti. Upepo wa kasi na wa polepole ungebadilisha uwiano kila wiki. Uwiano unaong'ang'ania mbili una sababu nyingine.

Mwalimu, salaam kutoka Mwanjelwa. Mimi maisha yangu ni kutengeneza TV za kichogo, tangu zilipokuwa fahari ya sebule hadi sasa zinapoletwa na wazee wachache wasiotaka kuachana nazo. Ndani ya kichogo kuna ombwe, kuna volti kali, kuna elektroni zinazokimbia. Ndiyo maana vifaa hivi vya anga navipenda kuliko ninavyoweza kueleza.

Kifaa hakijui kasi. Kinachojua ni volti tu. Chukua kikombe cha Faraday: bamba la chuma la kupokea ioni, na mbele yake wavu wenye volti chanya. Ioni ikija, wavu unaisukuma irudi ilikotoka. Yenye nishati ya kutosha inapita na kuhesabika kama mkondo, isiyo nayo inageuzwa. Sasa angalia: ioni yenye chaji mbili inasukumwa kwa nguvu mara mbili. Kwa hiyo namba unayoisoma ni nishati ukigawanya kwa chaji, wala si nishati yenyewe.

Heli iliyonyang'anywa elektroni zake zote mbili ina tungamo mara nne ya protoni na chaji mbili. Ikienda kilomita 400 zilezile kwa sekunde, nishati yake ni mara nne, yaani elektronivolti 3,340 hivi (protoni ina 835 tu). Gawa kwa mbili: 1,670. Hicho ndicho kilele chenu kifupi. Upepo ni mmoja, kasi ni moja, mchanganyiko ndio wa aina mbili. Kwa kawaida protoni ni kama asilimia 95 ya ioni, heli kama 4, na zilizobaki ni ioni nzito chache.

Mwambie pia asishangae kikisogea kidogo kupita mara mbili. Kwenye upepo wa kasi, heli mara nyingi huzitangulia protoni kidogo.

Kinachonivutia zaidi ni udogo wa mkondo wenyewe. Karibu na dunia kuna ioni kama 5 katika kila sentimita ya ujazo. Kwa kilomita 400 kwa sekunde, zinazogonga sentimita moja ya mraba ni kama milioni 200 kila sekunde. Zinaonekana nyingi, lakini mkondo wake ni kama pikoampea 32, na pikoampea moja ni sehemu moja ya trilioni ya ampea! Na hapo hapo mwanga wa jua unang'oa elektroni kwenye chuma na kuleta mkondo wa uongo. Wahandisi wanafanya mambo mawili: wanaweka wavu mwingine wenye volti hasi wa kuzirudisha zile elektroni, na volti ya wavu wa kwanza wanaitikisa juu na chini mamia ya mara kwa sekunde, kisha wanapima ile sehemu tu ya mkondo inayotikisika nayo. Mwanga hautikisiki, kwa hiyo unaachwa nje. Nani asiyeheshimu akili ya namna hiyo?

Chombo cha Parker Solar Probe, kilichotumwa na NASA kulikaribia jua, kina kikombe cha aina hii kilichochungulia nje ya ngao ya joto, kikitazamana na jua moja kwa moja. Nyavu zake ni za tangsteni. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka usoni mwa jua.

Mpima_Makambako

Mimi ni mpima ardhi. Jua likichafuka, mashine za setilaiti zinaweza kutupa vipimo vya kutilia shaka. Je, hivi vikombe vinatusaidia sisi wa huku chini?

Fundi_Kichogo

Vinasaidia, ndugu yangu. Chombo kama Wind cha Marekani, chenye vikombe vya aina hii, kinakaa kilomita milioni 1.5 hivi kutoka duniani kuelekea upande wa jua. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde ukikipita, una saa moja hivi kabla haujatufikia. Ukija kwa kasi zaidi, muda unapungua.

Mwl_Rungwe

Fundi, Mungu akubariki. Nimewapa vijana oksijeni yenye chaji sita, wakaipata kwenye volti 2,227 hivi kwa kasi ileile. Sasa binti yuleyule ameuliza kuhusu kaboni iliyobaki bila elektroni hata moja. Tungamo 12, chaji 6. Si itaangukia palepale pa heli?

Fundi_Kichogo

Itaangukia palepale kabisa. Binti huyo msimwachie aache fizikia.

Hapo volti peke yake zimefika mwisho. Kifaa cha SWICS, cha kutambua aina za ioni, kilichopanda na chombo cha anga cha Ulysses mwaka 1990 na kingine na chombo cha ACE mwaka 1997, kinachuja kwanza kwa volti kati ya bamba mbili zilizopinda. Kisha kinaiongezea ioni kasi kwa makumi ya maelfu ya volti, kiwango kilekile cha umeme wa kichogo cha TV ya rangi. Ioni inatoboa utando mwembamba mno wa kaboni, elektroni zinazoruka zinaanzisha saa, na ikigonga upande wa pili saa inasimama. Ila saa nayo inatoa tungamo kwa chaji tu, na kwa hilo heli na kaboni bado ni sawa. Ndiyo maana pale inapogonga kuna kipande cha silikoni kinachopima nishati yote iliyobaki. Kaboni inaleta karibu mara tatu ya heli, na hapo zinatengana.

Akitaka zaidi, mpe oksijeni yenye chaji saba na yenye chaji sita azilinganishe. Ioni ikishatoka kwenye korona, chaji yake haibadiliki tena njiani, kwa hiyo uwiano wa hizo mbili unaonyesha joto la mahali upepo ulipoanzia. Korona yenye joto zaidi hutoa za chaji saba kwa wingi.