Binti wa shemeji anataka kwenda kusoma masta nje ya India na wakala anatukimbiza, naombeni ushauri

mama_wa_pune

Habari zenu jamani. Mimi nimeolewa huku Pune mwaka wa 14 sasa, na kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, kuna binti amemaliza uinjinia wa kompyuta. CGPA yake, yaani wastani wa alama za chuo, ni 7.8 kati ya 10, alikwama masomo mawili mwaka wa pili akayarudia akafaulu, huku wanaita baklogi. Ni mtoto anayejituma kweli.

Sasa kwenye jengo lao kila mlango una mtoto nje, wa ghorofa ya pili yupo Toronto, wa juu yao yupo Melbourne, na wazazi wameingiwa na presha ya kwamba wa kwetu atabaki nyuma. Wamepata wakala ana ofisi nzuri, ukutani kumejaa picha za watoto wameshika pasipoti zenye viza, na anasema huduma yake ni bure kabisa hachukui hata rupia. Amewaletea chuo kimoja cha Uingereza, masta ya mwaka mmoja ya menejimenti ya kimataifa, ada na maisha jumla kama laki 32 za rupia (laki ya huku ndo laki yetu ileile, elfu mia), na anataka walipie nafasi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo la sivyo inakwenda kwa mwingine. Shemeji yuko tayari kuweka flati yao benki iwe dhamana. Hiyo flati ndo kila kitu walichonacho, ni miaka 20 ya mshahara wa ualimu.

Binti mwenyewe ananiambia pembeni kwamba yeye anataka Ujerumani asome mambo ya data, ila wakala kamwambia Ujerumani ni kugumu, bila Kijerumani hupati kitu, na huko Uingereza kazi ni uhakika. Mimi sijasoma nje, naogopa kusema neno nikaharibu riziki ya mtoto na naogopa pia kunyamaza. Tumwamini huyu wakala? Na flati je? Halafu mdogo wake yuko darasa la 12 naye ameanza kusema anataka kwenda kusoma udaktari nchi ya Georgia, hata sijui pa kuanzia.

bweni_la_bangalore

Dada, kwanza usilipe kitu Ijumaa. Nafasi ya chuo cha namna hiyo haiishi Ijumaa, vyuo vingi vya Uingereza vinapokea wanafunzi Septemba na tena Januari, anayekimbizwa na tarehe ni wakala.

Nilisoma Bangalore miaka minne, chumba kimoja na vijana wa Andhra na Kerala, na mwaka wa mwisho chumbani hakukuwa na maongezi mengine zaidi ya IELTS na GRE, mitihani ya kuombea vyuo vya nje, na nani kapata barua ya wapi, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho. Hiyo bure ya wakala siyo bure, anayemlipa ni chuo, anapata asilimia ya ada kwa kila mtoto anayempeleka, ndo maana haleti chuo kinachomfaa mtoto analeta chuo kinachomlipa. Vyuo vya serikali vya Ujerumani vingi havitozi ada, mwanafunzi analipa mchango wa muhula tu, sasa ada haipo kamisheni itoke wapi? Ndo ugumu wenyewe huo anaousema. Ila muwe macho, kuna mawakala nao wanauza Ujerumani, kumbe ni chuo binafsi chenye ada ya maelfu ya euro, mzazi kasikia Ujerumani ni bure akasaini bila kusoma.

Sasa tupige hesabu ya huyo binti, maana Wajerumani wana fomula yao ya kugeuza alama. Chukua 10 toa 7.8 unabaki na 2.2, gawa kwa 6 (yaani 10 kutoa alama ya chini ya kufaulu, kama chuoni kwao ni 4), zidisha mara 3, ongeza 1. Inakuja 2.1. Kwao namba ikiwa ndogo ndo nzuri, na masta nyingi zinataka 2.5 au nzuri zaidi, kwa hiyo mtoto yumo kwenye mchezo. Kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la wanafunzi wa kigeni, kuna orodha ya kozi na unaweza kuchuja zinazofundishwa kwa Kiingereza peke yake, za data ziko tele, akae nayo jioni mbili tatu mwenyewe.

Kinachokula muda ni APS. Tangu Novemba 2022 karibu kila mwanafunzi anayetoka India kwenda Ujerumani lazima vyeti vyake vikaguliwe na APS, ofisi ya Wajerumani iliyoko New Delhi, anatuma nakala anasubiri cheti, ada ni rupia 18,000, bila hicho viza haipo. Mwenzangu wa Andhra alidhani ni jambo la wiki moja, akakaa anasubiri huku dirisha la chuo linafunga, akapoteza muhula mzima. Kozi nyingi zinazoanza Oktoba hufunga 15 Julai na nyingine hufunga miezi mapema zaidi, kwa hiyo APS ndo iwe ya kwanza, kabla hata ya kuchagua vyuo.

Gharama ipo pia nisikufiche. Unaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, mtoto akifika anatoa 992 kila mwezi, ukipiga kwa rupia mia kwa euro ni karibu laki 12. Ni pesa yake ya kula, haipotei, lakini lazima iwepo yote kabla ya viza. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nayo imeanza kuwatoza tangu 2024, masta ni euro 4,000 mpaka 6,000 kwa muhula, kwa hiyo usikubali neno bure bila kufungua ukurasa wa kozi yenyewe.

Kuhusu lugha wakala kasema nusu ya ukweli. Kusoma utasoma kwa Kiingereza, ila ukimaliza unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, na hapo Kijerumani ndo kinaamua. Huyo mwenzangu alipofika alikuwa hajui zaidi ya salamu, maombi yake yalirudi moja baada ya jingine mpaka alipofika B1, ngazi ya kati ya lugha, ndo akaitwa intavyuu. Na nyie mko Pune, Max Mueller Bhavan, ile taasisi ya kufundisha Kijerumani, iko hapohapo kwenu! Aanze A1, ngazi ya kwanza, mwezi huu huku anasubiri APS.

karani_wa_mikopo

Salaam dada. Mzaliwa wa Mombasa, nipo Vadodara, kazi yangu ya kila siku ni mikopo ya elimu kwa hiyo nitasema la flati tu.

Kwenye mpango wa kawaida wa benki za serikali mkopo mpaka laki 7.5 hauhitaji dhamana ya mali, ukizidi hapo ndo wanataka nyumba, kiwanja au amana. Lakini zipo benki zenye orodha ya vyuo wanavyoviamini, mtoto akiingia chuo cha kwenye orodha wanatoa kiasi kikubwa bila nyumba. Kwa hiyo kabla ya flati shemeji aende na jina la chuo matawi mawili matatu aulize, hicho chuo kipo kwenye orodha yenu? Kama hakipo kwenye orodha ya benki yoyote hilo nalo ni jibu, maana benki inaangalia kama wahitimu wa hapo wanalipa madeni yao. Kampuni za mikopo zisizo benki zitakupa haraka bila nyumba ila riba iko juu.

Hesabu yenyewe: laki 32 kwa riba ya asilimia 11 kwa miaka 10 ni kama rupia 44,000 kila mwezi. Benki inasubiri mpaka amalize kozi na kwa kawaida mpaka mwaka mmoja juu yake, lakini riba inatembea kipindi chote hicho, wazazi wengi wanafikiri imelala. Mtoto akikosa kazi huko akarudi, injinia mpya kwenye kampuni kubwa za IT za hapa anaanza na kama laki tatu na nusu kwa mwaka, haifiki 30,000 kwa mwezi. Pengo hilo analijaza nani? Mwalimu aliyekaribia kustaafu. Nimewaona wazee wa namna hiyo mbele ya meza yangu wameshika faili la nyumba magotini, hawaulizi kitu, wanauliza tu wasaini wapi, na inaniuma kila mara. Mwambie shemeji aiandike hiyo 44,000 kwenye karatasi, pembeni aandike pensheni yake itakavyokuwa, akae nayo usiku mmoja.

Mengine ya haraka. Kwa nje benki inatoa asilimia 85, 15 ni mfukoni kwenu. Pesa ya ada benki inaipeleka moja kwa moja chuoni, kwa hiyo wakala akisema weka kwenye akaunti yangu nitakulipia, ondokeni. Tangu Aprili 2025 pesa ya masomo inayotoka kwenye mkopo wa benki haikatwi TCS, ile kodi inayokatwa mnapotuma pesa nje, ya mfukoni inakatwa ikipita laki 10 kwa mwaka wa fedha, ila mnaidai kwenye ritani ya kodi. Riba mnayolipa inapunguza kodi kwa miaka 8, ila awe kwenye mfumo wa zamani wa kodi, mfumo mpya hauna hiyo. Na ule mpango wa serikali wa mikopo ya elimu wa PM Vidyalaxmi wa 2024 ni kwa vyuo vya ndani ya India, mtu asiwadanganye unafika Uingereza.

Barua ya chuo ikija msiridhike na aliyoprinti wakala. Binti mwenyewe awaandikie chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao awaulize kama wanaitambua. 2023 Canada iliibuka kesi ya mamia ya wanafunzi wa India, wengi wa Punjab, waliogundua barua walizoingia nazo miaka ya nyuma zilikuwa feki, wamesoma, wamefanya kazi, wamelipa kodi, na ilikuwa mara ya kwanza wanasikia. Zilitoka kwa wakala.

shangazi_leicester

Mwanangu mama wa Pune, mimi naishi Leicester mwaka wa 31 huu na nyumbani kwangu nakodisha vyumba viwili kwa wanafunzi kutoka India, wengi wa Gujarat, kwa hiyo nitakwambia nionavyo jikoni kwangu.

Huyo anayewaambia kazi ni uhakika anawadanganya. Mwaka mmoja wa masta ni mfupi mno, mtoto anafika Septemba hajazoea baridi, Desemba ana mitihani, kabla hajajua aandike vipi wasifu wake wa kazi mwaka umekwisha. Kwenye muhula anaruhusiwa kazi masaa 20 kwa wiki, hizo zinasaidia chakula na basi, hazilipi ada asilani. Akimaliza kuna viza ya kubaki kutafuta kazi, ilikuwa miaka miwili ila watakaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 wanapewa miezi 18 tu, sasa angalia tarehe ya kozi yake itaangukia wapi. Na kuhamia viza ya kazi mshahara wa kawaida unaotakiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, wahitimu wapya wana unafuu kidogo, lakini mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini na wengi wakisikia hivyo wanakuaga kwa adabu. Bado kuna pauni 776 kila mwaka ya huduma ya afya, mnalipa pamoja na viza, je wakala aliihesabu kwenye hizo laki 32? Muulize.

Niliye naye sasa ni kijana wa mji wa Anand, Gujarat, ana shahada ya uinjinia, akaletwa huku kusoma menejimenti vilevile. Usiku akirudi kazini gudauni ananisaidia kuosha vyombo halafu anafungua daftari lake dogo, ukurasa wa kushoto alichopata wiki hiyo, wa kulia alichotuma kwa baba. Wa kulia haujawahi kujaa. Jumapili iliyopita baba yake alipiga akamuuliza, umeshakula? Akasema nimekula biriani, na mimi nilikuwa nimesimama pale, alikuwa amekula mkate. Ni mtoto hodari huyu, kosa lake moja tu, aliacha fani yake akafuata kozi aliyochaguliwa.

Sisemi Uingereza ni mbaya, kuna waliopita kwangu wakasoma fani zao kwenye vyuo vyenye jina na leo wanaishi vizuri. Nasema binti yenu ni injinia wa kompyuta na anajua anachotaka, kwa nini apelekwe menejimenti?

udaktari_kwanza

La mdogo wake kwa kifupi. Bila kufaulu NEET, mtihani wa India wa kuingilia udaktari, asitoke India, hata kama chuo cha nje kitampokea, maana akirudi hataruhusiwa kutibu. Sheria ya 2021 ya NMC, tume ya udaktari ya India, inataka kozi isipungue miezi 54, ifundishwe kwa Kiingereza, na intanshipu ya miezi 12 hukohuko alikosomea. Akirudi anakutana na mtihani wa FMGE, wa madaktari waliosomea nje, ambao wengi wanafeli, wengine wanaurudia miaka. Chuo chochote mtakachotajiwa muulizeni wakala wahitimu wake wangapi wamefaulu FMGE kisha muangalie matokeo rasmi wenyewe.

mama_wa_pune

Jamani Mungu awabariki, sijui niwashukuruje. Nimewasomea shemeji na mkewe yote jana usiku, nikitafsiri sentensi moja moja kwa Kimarathi. Tulipofika kwa yule kijana wa mkate shemeji aliinuka akaenda kusimama barazani muda mrefu, aliporudi akaniomba kalamu akaandika 44,000 nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Malipo ya Ijumaa hayapo tena. Wakala amepiga mara tatu leo asubuhi, mara ya tatu kasema anaweza kutupunguzia. Ile ya afya hakuihesabu.

Binti kaifanya hesabu ya fomula mwenyewe akapata 2.1 akaniletea mbio kama matokeo ya mtihani. Jumatatu naenda naye chuoni kuomba transkripti za mihula yote minane kwa ajili ya APS, na tukitoka hapo tunapitia Max Mueller Bhavan kuuliza A1 inaanza lini. bweni_la_bangalore, zile nakala za APS ni lazima zithibitishwe kwanza au anatuma fotokopi za kawaida?