Mtoto aanze chekechea na miaka mingapi? Mimi nasema mitano, mke wangu anasema tumechelewa

Baba Binti (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina binti wa miaka mitatu na miezi minne. Hapa mtaani kwetu Tabata wenzake wote wameshapelekwa. Basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, linapiga honi mbili, katoto kanabebwa kangali kamelala na begi linalokazidi mgongo. Kanarudi saa tisa alasiri kana homuweki. Miaka mitatu!

Sera ya elimu ya 1995 iliweka darasa la awali miaka 5 na 6, darasa la kwanza miaka 7. Hii ya sasa, ya 2014 toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inasema awali ni mwaka mmoja akiwa na miaka 5, la kwanza akiwa na 6. Sasa hii bebi klasi ya miaka mitatu imetoka wapi kama si kwenye ada? Mimi nimegoma. Mke wangu anasema nitamfanya mtoto awe mzito darasani. Naomba maoni, ila matusi hapana.

Mzazi wa Kimara

Mkuu, shika sera yako uone. Wa kwangu wa kwanza nilimpeleka akiwa na mitano na nusu kwenye shule ya Kiingereza. Wakampa intavyuu! Aandike jina lake, asome maneno ya herufi tatu, ahesabu hadi hamsini. Hakuweza hata kimoja kwa sababu alikuwa nyumbani akicheza kama unavyotaka wewe. Wakaniambia aanzie bebi klasi na wa miaka mitatu. Akakaa kama jitu katikati ya vifaranga, akachukia shule mwaka mzima.

Wa pili nikampeleka na mitatu. Yuko la nne sasa, hana shida. Hata jirani zetu Kenya, mtoto wa miaka 4 yupo PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, na ni mtaala rasmi wa serikali, si ujanja wa mtu. Na sera ya 2014 ilipotoka mara ya kwanza ilitaja watoto wa miaka 3 hadi 5. Wenye shule hawakuota.

Baba Binti

Kwa hiyo shule inatunga mtihani wa kumpima mtoto kitu ambacho darasa la awali ndilo lipo kumfundisha, halafu sisi ndio tunakimbia kuuwahi. Ufini mtoto anaanza la kwanza na miaka 7 na wanasoma vizuri tu.

Mama Mchicha

Kaka yangu, shikamoo, lakini acha nikuulize. Huyo binti wa miaka mitatu na miezi minne, sasa hivi unapoandika, yuko na nani? Na mama yake, au na dada wa kazi, au na bibi. Yupo mtu. Mimi saa kumi alfajiri nipo Buguruni sokoni napokea mchicha. Baba yake alishaondoka zamani. Wa kwangu ana miaka miwili na miezi kumi.

Nampeleka kwa mama mmoja mtaani, elfu moja kwa siku, uji ndani yake. Wapo kama kumi na tano. Wanaimba, wanalala kwenye mkeka, wanagombania gari la kopo. Mtaani tunaita chekechea maana hatuna jina jingine. Kabla ya hapo alikuwa anabaki na dada yake wa darasa la pili. Unaelewa maana yake? Maana yake yule wa la pili hakuwa anasoma. Mwalimu alinifuata hadi gengeni.

Nyie mnabishana mitatu au mitano. Mimi nilichagua kati ya mtoto mmoja kuanza mapema na mwingine kuacha.

Mwalimu wa Awali

Niko shule ya serikali, kijijini, Kanda ya Ziwa. Kiwango kinasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwaka huu nimeanza na 112, nusu wanakaa kwenye turubai. Kati yao wapo kama kumi ambao hawamo kwenye daftari langu: wa miaka mitatu, wamebebwa mgongoni na dada zao wa la tatu kwa sababu mama yuko shamba la pamba. Siwaandikishi, siwafukuzi. Wanalala pembeni mpaka kengele ilie. Kwa hiyo anachosema Mama Mchicha nakiona kila siku, tena bila uji.

Upande wa pili nina wa miaka saba na nane ambao wako awali kwa mara ya kwanza. Kisa? Mto. Mvua zikinyesha wa miaka mitano havuki, basi mzazi anasubiri akue miguu. Tangu tupate shule shikizi, yaani tawi dogo la shule, ng'ambo kule, wale wa mitano wameanza kuonekana. Huku umri wa kuanza aliupanga mto, si waziri.

Mzee wa Singida

Mnanichekesha na intavyuu zenu. Sisi cheti cha kuzaliwa hatukukijua. Mwalimu mkuu anakuambia pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Ukilishika umeingia la kwanza, usipolishika rudi ukachunge. Ukoo wetu mikono mifupi. Nilirudishwa miaka miwili mfululizo, nikaanza na miaka tisa na ndevu zikinukia. Wadogo zangu kiumri wenye mikono mirefu walinitangulia, mmoja alikuja kuwa kiranja wangu akanichapa.

Mpemba wa Mjini

Kwetu Zanzibar elimu ya maandalizi ni miaka miwili, na kabla ya skuli mtoto keshakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Mie nilipelekwa chuoni na miaka minne, nikakaa juu ya jamvi na wa miaka kumi. Hakuna aliyesema ni mapema, kwani mwalimu alikuwa jirani, mlango wa tatu, na nikisinzia ananilaza kwenye kitanda chake. Na siku hizi kuna vile vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, vinavyokaa hukohuko mitaani.

Kinachonitisha katika hadithi ya Baba Binti si miaka mitatu. Ni lile basi la alfajiri. Mtoto wa miaka mitatu apelekwe mahali anapoweza kwenda kwa miguu na akarudi kwa miguu.

Halafu Ufini mmeitaja nusu. Shule kweli miaka 7, lakini kabla ya hapo mtoto ana haki ya nafasi kwenye malezi ya mchana, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na umma. Kule Mama Mchicha angekuwa na pa kumweka mtoto.

Baba Binti

Dada wa Buguruni, kwanza marahaba, pili umenishika pabaya. Ni kweli, binti yuko na mama mkwe. Bibi akirudi Moshi mwezi wa kumi na mbili sijui nitasema nini.

Msimamo wangu wa shule bado ni mitano. Mwaka 2023 Wizara ilipiga marufuku bweni kuanzia awali hadi la nne, kelele zikawa nyingi, lakini nani leo anatetea kumlaza wa miaka minne bwenini? Na hizi homuweki nazo zipigwe marufuku. Ila nakubali nilichanganya mambo mawili. Chini ya mitano, kiwe kituo cha malezi chini ya Ustawi wa Jamii, kisajiliwe, kikaguliwe, kisiruhusiwe kutoa mtihani wala kuuza vitabu.

Mama Mchicha

Kikaguliwe na nani, kaka? Yule mama ana vyumba viwili na uani. Wakija wakamwambia ajenge uzio, vyoo vya watoto, aajiri mwenye cheti, atafunga siku hiyohiyo. Mimi nitarudi kumwachia wa la pili. Wakija wamfundishe na wampe hata matanki ya maji, sawa. Wakija na kufuli, hapana.

Mwalimu wa Awali

Hapo dada nipo na wewe, ila moto ukitokea usiseme hatukukagua.

Mama Mchicha

Sijasema wasije. Nimesema waje na nini.

Baba Binti

Hicho kituo kiko upande gani? Bibi anaondoka mwezi wa kumi na mbili kweli.

Mama Mchicha

Ukitoka sokoni uliza kwa mama wa matairi, ameyapaka rangi mlangoni. Usiende asubuhi, wote wanalia asubuhi. Nenda saa nne, wakati wa uji.