Walimu wa Kiingereza, kwa nini hamtufundishi "You alright?"

Wakuu, hili limenikaa rohoni miezi minane, leo nalitoa.

Nililipa laki sita kwenye chuo kimoja pale Dar kujiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Wiki sita tunakaririshwa "How do you do?", na kwamba jibu lake ni hilohilo, "How do you do?". Nimefika Leicester, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Salamu hiyo nimeisikia mara moja tu, tena kwa babu wa miaka 91!

Wanachosema watu huku ni "You alright?", yaani "Uko sawa?". Kwenye ngazi, dukani, kila mahali. Mimi nilijua ukiulizwa hivyo umeonekana una tatizo, na kwa Wamarekani ndivyo ilivyo: watakuuliza ukianguka au ukiwa unalia. Basi wiki ya kwanza msimamizi wa zamu ananiuliza kila asubuhi, nami nakimbilia chooni kujitazama kwenye kioo. Siku ya nne nikamsimamisha, nikamweleza ukweli: mgongo unauma, na sikulala kwa sababu mwanangu ana homa Morogoro. Kesho yake naitwa ofisini, naulizwa kama kweli nina afya ya kunyanyua wazee. Nikakatwa zamu mbili. Zamu mbili ni hela ya dawa ya mtoto jamani!

Dada mmoja Mkenya ndiye aliyenielewesha: "Hiyo ni salamu tu. Sema 'Yeah, you?' upite." Na kweli, wengi hawasimami hata kusubiri jibu.

Kinachoniuma zaidi, jambo hili sisi tunalo tangu utotoni. Hujambo ni nini? Si kuuliza kama huna jambo? Na mgonjwa aliye kitandani anaitikia sijambo kwanza, ndipo aanze kueleza kiuno. Mwalimu angesema tu "hiyo ndiyo hujambo ya Waingereza", darasa zima tungeelewa palepale. Hakusema. Mtihani wa kuongea ni dakika 11 hadi 14 na mtahini, unatoka na alama nzuri, halafu salamu ya mfagiaji inakushinda.

Nimewaandikia chuo mara mbili. Wanajibu kwamba mtaala unafuata mtihani. Mbona tangazo lenu lilisema Kiingereza cha kuishi na kufanya kazi Uingereza?

Mliosoma vyuo vya namna hii mwaka huu, wamebadilisha au bado ni "How do you do?"